Babu Yetu wa Ng'ambo

Katika ukoo wetu ni mtu mmoja tu aliyewahi kuvuka maji makubwa, naye ni babu, baba yake mama yangu. Kila harusi, kila matanga, kila mtoto anapomaliza darasa la sita, lazima mtu mmoja asimame, akohoe, aseme: "Tusisahau kwamba sisi ni damu ya yule aliyeenda ng'ambo." Watu wanapiga makofi, kisha chakula kinaletwa.

Alienda kufanya nini huko? Hapo ndipo ukoo ulipogawanyika. Sisi wa Kasongo tuko nusu msikitini na nusu kanisani, na tunapatana vizuri mradi wali uwe wa kutosha. Upande wa msikiti ulisema babu alienda Maka kuhiji, akafia mahali patakatifu, ndiyo sababu hakurudi. Upande wa kanisa ulisema mapadri walimwona ana akili nyingi, wakampeleka Ulaya kusoma, akafia huko kwa baridi. Utotoni niliamini zote mbili. Nilimwazia babu akitoka Maka kwenda Ulaya kwa miguu, amevaa kanzu na juu yake koti zito.

Mama, ambaye ndiye mtoto pekee aliyeachwa na babu, alikuwa bado tumboni babu alipoondoka. Alipoulizwa, alijibu, "Alienda ng'ambo," akaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo. Ukimuuliza mara ya pili, alikupa mchi ushike wewe.

Mambo yangebaki hivyo kama binamu yangu asingetaka kuwa depite, yaani mbunge.

Inafaa nimweleze huyu binamu. Baada ya babu kuondoka, bibi aliolewa na mdogo wake babu, akazaa naye mtoto wa kiume. Huyo mtoto ndiye mjomba wangu, na binamu ni mtoto wa mjomba. Kwa hiyo bibi yetu ni mmoja lakini babu zetu ni wawili, mkubwa na mdogo. Binamu alikaa Kindu miaka mingi akifanya kazi ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeielewa. Akarudi Kasongo na miwani myeusi na spika kubwa mbili, akatuita wote uwanjani kwa mjomba.

"Watu hawachagui mtu," alituambia. "Wanachagua ukoo. Sisi tuko na mzee aliyeenda ng'ambo. Wengine wako na nini?"

Alikuwa ameshatengeneza fulana. Picha ya babu haikuwepo popote duniani, basi mpiga picha wa mjini alichukua picha ya binamu mwenyewe, akamvua miwani kwa kompyuta, akamtia ndevu nyeupe na kofia ya kiislamu. Kwa mitaa ya kanisa kulikuwa na fulana nyingine, sura ile ile, ndevu zile zile, bila kofia. Mama aliletewa moja. Aliitazama kwa muda mrefu akasema, "Huyu mutoto amezeeka lini?"

Kilichokosekana kilikuwa kaburi. Binamu alisema watu wanapenda kaburi. Mahali penye kaburi pana historia, na penye historia watu wanasimama kusikiliza hotuba. Alitaka mtu avuke ziwa, maana hata yeye alijua kwamba njia zote za zamani za kutoka kwetu kwenda ng'ambo zilipitia ziwa la Tanganyika, atafute alipopita babu, na kama haikuwezekana kuleta mifupa, alete walau udongo. Udongo ungezikwa Kasongo chini ya karo nyeupe, vile vigae vya sakafu.

Macho yote yakanigeukia.

"Dada," alisema binamu, "weye uko mjane. Ualimu umestaafu. Watoto wako wameondoka. Hauna kazi."

"Niko na shamba la mpunga."

"Mpunga unajiotea wenyewe."

Mtu aliyewahi kulima mpunga hawezi kusema maneno hayo, lakini mkutano ulipiga makofi, na makofi kwetu ni sheria. Wiki iliyofuata nilikuwa nyuma ya pikipiki, kuelekea Kabambare.

Njia ile mtu hasafiri nayo, anabishana nayo. Mvua ilikuwa imepita. Kila tulipofika penye tope motari aliyeniendesha alisema, "Mama, shuka kidogo," na ile kidogo yake ilikuwa kama kutoka kanisani hadi sokoni. Kwenye daraja la magogo tulivusha kwanza pikipiki, halafu mizigo, halafu mimi, kwa mpangilio wa thamani. Nilifika Kabambare nikiwa na rangi ya barabara, nikalala, na asubuhi nikaendelea na njia ya Wamaza hadi kijiji alichozaliwa babu.

Nilipokelewa na mjane wa rika langu, ambaye marehemu mumewe alikuwa wa ukoo wetu. Alinipa maji ya kuoga, akanipikia bugali na majani ya viazi, akangoja nishibe. Ndipo nikamweleza safari yangu kwa heshima zote: kwamba natafuta nyayo za mzee wetu aliyeenda ng'ambo.

"Yupi?" aliuliza. "Ule wa nguruwe?"

"Nguruwe gani?"

Alinitazama kama vile mimi ni mtu anayeuliza mto unatiririka kwenda wapi. Kisha akatoka nje, akaita jirani kwa Kibangubangu, jirani akaita jirani mwenzake, na baada ya muda baraza lilijaa wanawake waliokuja na mabeseni yao ya karanga za kumenya. Mwenyeji wangu akanionyesha kwa kidole. "Huyu ametoka Kasongo. Anauliza ni nguruwe gani."

Walicheka mpaka karanga zikamwagika.

Hadithi waliyonipa ilikuwa na sauti nyingi, lakini mwili wake ulikuwa mmoja. Zamani za pamba ya lazima, kulikuwa na Mzungu aliyekuja kijijini kupima pamba. Alifuga nguruwe. Mmoja wao, dume kubwa, alizoea kuingia mashamba ya watu na kufukua muhogo, na hakuna aliyethubutu hata kumtupia jiwe, kwa kuwa mwenye kumtupia jiwe alichapwa fimbo. Asubuhi moja dume halikuwepo. Jioni yake kila nyumba ilikuwa inanuka mafuta.

"Babu yako alikata, akagawa," alisema mwanamke mmoja mnene mwenye kitambaa cha kijani. "Sisi tulipata mguu wa nyuma."

"Muongo huyu!" alidakia mwingine. "Mguu wa nyuma ulikuwa wetu. Nyinyi mulipata mbavu."

"Mbavu zilienda kule ng'ambo ya kijito!"

Wakabishana. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amezaliwa wakati ule, wala mama zao pengine, lakini kila mmoja alijua kipande chake kama mtu anavyojua mpaka wa shamba. Mimi, mwalimu mstaafu, mjumbe rasmi wa ukoo, niliketi katikati na kuuliza kwa sauti ndogo: "Na sisi? Ukoo wetu tulipata nini?"

"Nyinyi mulipata kichwa," alisema mwenyeji wangu. "Pamoja na ng'ambo."

Maana Mzungu alileta askari, na babu akafungwa shingo kwa mnyororo, akapelekwa Kabambare mbele ya Mzungu mwingine aliyekaa nyuma ya meza. Hukumu ilitoka kabla jasho halijamkauka. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na barabara inajengwa na mikono haitoshi. Kwa nguruwe mmoja babu akapewa ziwa zima.

Niliuliza swali ambalo mwalimu yeyote angeuliza. "Ikiwa kijiji kizima kilikula, ni nani alimtaja?"

Karanga ziliendelea kumenywa, lakini kicheko kilikatika. Mwanamke wa kitambaa cha kijani alitazama dari. Mwishowe mwenyeji wangu alisema polepole, "Mdogo wake. Aliwaongoza askari mpaka mlangoni. Mvua ya pili haijanyesha akavalishwa kofia ya ukapita, akawa musimamizi wa pamba. Kisha akamurithi na bibi."

Yaani babu yake binamu. Yule ambaye kizazi chake, upande wa msikiti, ndicho kilichotuimbia Maka.

Usiku ule nilitafakari, na asubuhi nilipanda kichuguu ambacho watu walisema simu inashika ukisimama kwa mguu mmoja. Nilimpigia binamu.

"Umeshapata kaburi?" alipiga kelele.

"Bado. Niko kwenye nguruwe kwanza."

"Nini?"

"Nguruwe! Babu hakwenda Maka. Aliiba nguruwe wa Mzungu wa pamba, wakampeleka kufanya kazi ya mnyororo."

Alikohoa mara mbili. Halafu akasema, "Mtandao mubaya sana, sikusikii, endelea na safari," na simu ikakatika. Mimi nilikuwa namsikia hata anavyomeza mate.

Ningeweza kurudi. Lakini jambo lilikuwa limegeuka ndani yangu. Yule msafiri wa kanzu na koti sikuwahi kumkumbuka hata mara moja nilipokuwa shambani. Huyu wa mnyororo alikuwa na shingo, na shingo yenyewe ikaanza kunisumbua. Nikaendelea.

Nilipita Salamabila, ambako dhahabu inachimbwa na kila mtu ana haraka, nikalala kwenye nyumba ya wageni ambayo ukuta wake mmoja ulikuwa turubai. Mchuuzi wa sabuni aliyelala kitanda cha pili aliniuliza natafuta nini ng'ambo. Nikamwambia babu aliyehukumiwa kwa wizi. Akashusha pumzi. "Mama, kama wizi ungekuwa unapeleka watu ng'ambo, hapa angebaki nani wa kuninunulia sabuni?"

Kutoka hapo nikashuka hadi Baraka, na Baraka nikapanda boti la mashine lililojaa magunia na watu waliokaa juu ya magunia. Nilitapika Tanganyika nzima. Nilipotia mguu Rumonge, upande wa Burundi, niliwaza kwamba babu naye alifika pale pengine ametapika vilevile, akiwa na chuma shingoni. Hapo ndipo nilipomlilia mara ya kwanza, mimi mtu wa miaka sitini, nimesimama kati ya ndoo za dagaa.

Huko ng'ambo, mtu yeyote ambaye mababu zake walitoka kwetu anaitwa Mmanyema, na wana mitaa yao. Nilienda mtaa wao nikauliza nyumba kwa nyumba: Je, mnamjua mzee aliyeletwa zamani kwa mnyororo kutoka Kabambare? Wote waliniangalia vibaya. Mmoja alisema ukoo wake ulikuja kufanya biashara. Mwingine alisema wao walikuja kusomesha dini. Wa tatu alisema babu yake alikuja kutembea tu, akapapenda. Barabara ile ndefu ya kando ya ziwa, kwa maelezo yao, ilijijenga yenyewe.

Siku ya tatu nilitumia akili. Nilikumbuka ukoo wangu mwenyewe, nikabadilisha swali. "Je, hapa kuna mtu wa kutoka Kabambare ambaye alikuwa mtoto wa mfalme?"

"Ah, Mwana wa Mfalme!" walisema, na wakanipeleka moja kwa moja.

Nyumba ilikuwa ya matofali, na mbele yake bibi kizee mdogo wa mwili alikuwa akipima mawese kwa chupa. Alipoinua uso nilimwona mama yangu. Paji ni lile lile, na hata namna ya kukasirika kabla hajaambiwa kitu. Huyu alikuwa binti wa babu, aliyezaliwa ng'ambo. Kwangu mimi ni mama mdogo, ingawa hakuna aliyewahi kunieleza kwamba yuko duniani.

Kwanza nilipokelewa na mjukuu wake, mwanaume mwenye sharubu na kalamu mbili mfukoni. Aliposikia ninatoka Kabambare alisimama. Alinieleza kwamba babu yao alikuwa mrithi wa kiti cha ufalme, kwamba maadui walimfukuza kwa wivu, na kwamba familia haijakata tamaa ya kurudi kutawala.

"Jumba lake bado liko?" aliniuliza. "Lina vyumba vingapi?"

"Paa lake linahitaji matengenezo," nilijibu.

Mama mdogo alimtuma akanunue sukari. Alipotoka, yule bibi aliweka chupa chini, akafuta mikono kwa kanga, akasema, "Sema kweli. Wamekutuma juu ya nguruwe?"

Nilicheka, na yeye akacheka, na nyumba ikawa yangu.

"Baba alituambia mwenyewe," alisema. "Sisi watoto wake, si hao wajukuu. Nilimuuliza, baba, ulimuua juu ya nini? Ulikuwa na hasira ya wazungu? Akanijibu: nilikuwa na njaa, na nguruwe alikuwa mnene. Paka hivyo tu."

Mchana ule wote alinisimulia. Wafungwa walitembea kutoka Kabambare mpaka ziwani, kamba moja ya chuma ikiwaunganisha, na aliyeenda haja walienda naye wote. Ng'ambo babu alivunja mawe ya barabara. Mawe yale yalimpa kikohozi ambacho hakikumwacha. Siku moja mpishi wa msimamizi aliugua. Wakauliza nani anajua kupika nyama. Babu akainua mkono. Msimamizi akamuuliza alijifunzia wapi. Babu akajibu: "Kabambare, bwana. Kwa nguruwe wa mwenzako." Alichapwa, kisha akapewa jiko, kwa sababu msimamizi alikuwa mtu wa kupenda kula.

Kifungo kilipokwisha walimfungulia geti. Akatoka, akakaa nje ya geti. Akakaa hapo mpaka jua likazama. Askari akamuuliza anangoja nini. Akasema anangoja boti la kurudishwa. Askari akacheka sana. Kumleta walijua, kumrudisha haikuwa kazi ya mtu yeyote.

Basi akafanya kazi ya kuchemsha mawese. Akapenda msichana wa Kimanyema, binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani, na ili amuoe akasilimu. Hapo nilimkatiza mama mdogo kwa furaha, kwamba angalau msikiti ulikuwa na haki kidogo. Alinitazama. "Alisali vizuri. Lakini kuacha nguruwe haikuwa juu ya dini. Alisema: nyama ile nimetembea nayo sana, inatosha."

"Na ufalme?"

"Baba mkwe wake alimuuliza ukoo. Angesema nini? Mfungwa wa mawe? Alisema mimi mtoto wa mfalme. Alifikiri ni neno la siku moja, la kumalizia mahari. Watu wakaliamini. Mutu akiisha kuitwa mfalme hawezi kurudi kuwa mwizi, hata akitaka."

Ila mara moja walimrudisha kwenye wizi. Bata wa jirani alipotea, na mtu fulani, aliyekuwa amesikia uvumi wa mnyororo, akamnyoshea kidole. Mama mdogo alikuwa msichana wakati huo. Alimwona baba yake akilia mbele ya watu, mtu mzima, ndevu zote zimelowa. "Bata ule hakumwiba," aliniambia, na sauti yake ilikuwa bado inamtetea. "Nguruwe alimuiba, alikubali. Bata, hapana." Bata alionekana baadaye, amekaa juu ya mayai yake kwenye majani. Hakuna aliyekuja kuomba radhi. Nani anaomba radhi kwa niaba ya bata?

Swali langu la mwisho lilikuwa lile nililovuka nalo. Kwa nini hakurudi kwetu alipokuwa huru, na boti zikienda na kurudi?

Mama mdogo alisogeza chupa za mawese kando. Kisha akaniambia kwamba mfanyabiashara mmoja wa Kabambare alifika sokoni, akampa babu habari: ndugu yako ni kapita, mke wako ni mke wake, na una mtoto wa kike. Usiku ule babu hakula. Asubuhi alifunga nguo zake, akamuaga mkewe, akaenda ziwani. Saa sita alirudi, akaning'iniza mfuko wake ukutani.

"Alisema boti limejaa," alisema mama mdogo. "Nilikuwa nimemfuata kwa nyuma. Boti lilikuwa tupu."

Mjukuu akarudi na sukari, tukaongea habari za jumba.

Kaburi alinionyesha kesho yake, kwenye makaburi ya Waislamu juu ya kilima kidogo. Halikuwa na jiwe wala jina. Majani yalikuwa yamelifunika, na yeye mwenyewe alisita kati ya mawili kabla ya kusema ni hili. Alinichotea udongo kwa mkono wake, nikautia kwenye mfuko wa kitambaa.

Bandarini wakati wa kurudi, mtumishi wa forodha aliubonyeza mfuko. "Nini hii?"

"Babu yangu," nilisema.

Alifikiri sana. Alikuwa kijana mwenye bidii. "Kadi yake ya chanjo iko wapi?"

Nilimweleza kwamba mzee alikufa kabla mtumishi mwenyewe hajazaliwa, na ugonjwa wowote aliokuwa nao umeshaisha. Alimuita mkubwa wake, mkubwa akamuita mkubwa wake. Waliamua kwamba babu anaweza kuvuka, lakini asirudi tena bila kadi.

Kasongo, ukoo uliketi uwanjani kwa mjomba kama mwanzo. Nilieleza yote: nguruwe, mnyororo, mawe, mawese, msikiti, bata. Ya kapita sikuyasema mbele ya watu. Upande wa msikiti ulishika vichwa. Upande wa kanisa ulificha vicheko nyuma ya viganja, mpaka mmoja wao akakumbuka kwamba basi na Ulaya imekufa, wakaacha kucheka.

"Nguruwe hapana," alisema mjomba. "Hawezi kuingia katika jina la ukoo."

"Tuseme mnyama," alipendekeza mtu.

"Mnyama wa mkoloni," aliongeza binamu, na miwani yake ikang'aa. Alikuwa ameanza kuona njia. "Babu yetu alimpokonya mkoloni mnyama wake, akawagawia raia! Huyu si mwizi. Huyu ni mupiganaji!"

Makofi. Wali ukaletwa.

Nilimvuta kando, nikamwambia habari ya mdogo mtu, yule aliyewaongoza askari. Nilidhani ataanguka. Alitafuna kijiti cha meno, akasema, "Kwa hiyo babu yangu alisaidia sheria. Dada, hiyo pia ni sifa." Na kweli, katika kampanye yake, kwenye mitaa ya wafanyakazi wa serikali alikuwa mjukuu wa mtu wa sheria, na vijijini alikuwa mjukuu wa mpiganaji. Kadiri siku zilivyokwenda mnyama naye alikua. Kasongo alikuwa mnyama. Nyangwe, kando ya mto, alikuwa ng'ombe. Kufika Kabambare walikuwa ng'ombe kumi na mtumbwi wa chumvi.

Kosa lake lilikuwa kukipeleka kijijini kwenyewe kile kikosi cha spika na fulana. Mimi alinichukua kama shahidi. Alipanda juu ya meza, akapaza sauti: "Babu yangu alimnyang'anya mkoloni ng'ombe zake!"

"Nguruwe!" alijibu mwanamke wa kitambaa cha kijani kutoka nyuma.

"Wanyama wake!" alisema binamu haraka.

"Nguruwe mumoja! Sisi tulipata mguu wa nyuma!"

"Muongo!" akaruka mwenzake, na mkutano wa siasa ukageuka kesi ya mguu. Binamu aliomba utulivu kwenye spika. Alipoupata kidogo, mwenyeji wangu, yule mjane, alisimama. Alizungumza bila haraka.

"Mutoto wetu," alimwambia, "ule muzee alikuwa mwizi, lakini alituletea nyama, kila nyumba. Babu yako alituletea askari. Weye umetuletea fulana. Tuambie mwenyewe unamfuata yupi."

Binamu alishuka mezani, akaanza kukunja waya za spika.

Alishindwa. Alisema wamemwibia kura, na inawezekana kabisa, maana kwetu huo ni wizi ambao mnyororo wake haujafuliwa. Alirudi Kindu na spika zake. Kaburi la karo liliishia urefu wa goti, na mbuzi wa mjomba wanalipenda kwa sababu ni baridi mchana. Fulana tunalimia. Siku hizi ukienda shamba la mpunga utaona wanawake sita wameinama, na kwenye kila mgongo binamu mwenye ndevu nyeupe anatazama mbingu.

Udongo nilimpa mama. Alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, mwembamba, masikio yameanza kuchoka. Nilimsimulia yote bila kuficha, nikiogopa neno la mwizi lingemuumiza. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Alikuwa murefu?"

Sikujua. Katika safari nzima, mimi mwalimu, sikuwa nimeuliza. Nikampigia simu mama mdogo palepale, simu ya kuonana uso kwa uso, nikaishika katikati. Wale wazee wawili walitazamana, paji kwa paji.

"Dada mukubwa," alisema yule wa ng'ambo.

"Sema kwa nguvu!" alipiga kelele mama, kwa kuwa aliamini ziwa linameza sauti. "Baba alikuwa murefu?"

"Mufupi! Mufupi kama mimi!"

"Haiwezekani! Mimi niko murefu!"

"Weye umekaa, nitajua namna gani?"

Mama aliniamuru nimsaidie kusimama. Alishika ukuta, akajinyosha kadiri mgongo ulivyomruhusu, na mimi nikarudi nyuma na simu mpaka mlangoni ili aonekane mzima, kuanzia kitambaa cha kichwa hadi miguu.